Mpira wa Rejeta Kwenye Kilima cha Maseno

Lori la samaki alilokuwa akiendesha kaka yangu lilikuwa limechoka kabla halijafika mikononi mwake. Saa yake ya maili ilikuwa imezunguka mpaka mwisho, ikarudi kwenye sifuri na kuanza kuhesabu upya, na hakuna aliyejua ilikuwa imerudi mara ngapi. Lakini lilikuwa na turbo. Katika miaka ile ya mwisho ya sabini, malori yenye turbo pale Kisumu yalikuwa machache mno, na madereva walikuja gereji kulichungulia kama watu wanaokwenda kutazama mapacha waliozaliwa.

Mimi nilikuwa fundi katika gereji ya Kalasinga mmoja mzee, karibu na reli. Nilisoma mpaka darasa la saba. Yaliyobaki nilifundishwa na mzee huyo, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Ndiye aliyenieleza turbo ni nini: feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na nyingine, kwa kuwa zimefungwa pamoja, inasukuma hewa ndani ya injini hiyohiyo. Hewa ikizidi, dizeli inaweza kuzidi, na nguvu inazidi. Nilipenda wazo kwamba moshi, kitu cha kutupwa, bado ulikuwa na kazi.

Kaka yangu alinizidi miaka sita. Kazi yake ilikuwa kuchukua samaki ufuoni Luanda Kotieno, karibu na kwetu, na kuwafikisha sokoni Kisumu kabla barafu haijayeyuka. Njia inapanda kutoka ziwani mpaka Maseno, kisha inateremka kwa kasi mpaka mjini. Kwenye kupanda, lori likiwa limejaa samaki wa ngege, lilikuwa likilegea. Malori mengine yalimpita akiwa gia ya pili, na madereva wakampungia mkono kama wanaomuaga mgonjwa.

Siku moja alikuja gereji akaegemea mlango, akaniuliza kama turbo ile ilikuwa ni mapambo. Nikamwambia ni nzima, ila injini ni nzee.

"Hata mimi ni mzee," akasema. "Mbona Nyar Gem hajanitupa?"

Nyar Gem, binti wa Gem, ndivyo sote tulivyomwita mkewe, kwa jina la kule alikotoka. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo mjini, kwenye mashine za kusokota. Wakati ule wao wawili walikuwa na ugomvi mmoja tu, nao haukuwa siri. Kaka yangu alitaka kuanzisha boma lake mwenyewe huko nyumbani, kutoka ndani ya boma la baba kama inavyompasa mwanaume aliyekwisha kuwa na watoto. Kwetu jambo hilo mtu halifanyi bila mkewe. Wanakwenda pamoja, wanalala pale pamoja usiku wa kwanza. Na Nyar Gem alisema atakwenda mtoto wa mwisho akimaliza shule, si kabla. Hakutaka kuacha kazi yake. Kwa hiyo kaka alikuwa bado ana kibanda chake cha ujana tu, ndani ya ua wa baba, na watu walikuwa wakimtania.

Niliifanya kazi ile katika muda wa wiki mbili, kila mara lori liliporudi kutoka sokoni na siku za Jumapili. Sikuanza na nguvu. Mzee wangu alinifundisha kwamba injini iliyotembea sana huipi nguvu kabla hujajua imebakiwa na nini. Nilipima mgandamizo wa kila silinda nikakuta ya nne imelegea. Nilifungua kichwa cha injini, nikasaga vali, nikabadilisha ringi na gasketi. Niliishika feni ya turbo kwa vidole viwili nikaitikisa, kwa sababu mhimili ukicheza sana, kuongeza nguvu ni kuuchimbia kaburi. Ulicheza kidogo tu. Bomba dogo la oili linaloulainisha lilikuwa limezibwa na masizi, nikaweka jipya, nikamwambia kaka yangu kwamba akifika asizime injini palepale, aiache ingurume taratibu kidogo ili feni zipoe. Alilishika hilo vizuri. Watu wa sokoni walidhani anaringa.

Ndipo nilipofika kwenye pampu ya dizeli. Pale pana skrubu ya kupunguza au kuongeza dizeli, iliyofungwa kwa waya na muhuri wa madini ya risasi ili mtu asiiguse. Niliukata waya. Nikazungusha skrubu robo, nikalijaribu lori, nikazungusha tena kidogo. Mwenye lori, mfanyabiashara wa samaki pale mjini, hakuambiwa. Kaka alisema atamwambia mwenyewe akiona tofauti.

Kilichobaki kilikuwa mpira mnene unaopitisha hewa kutoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Wa zamani ulikuwa umepasuka nyufa. Mpya haukupatikana Kisumu, na kuagiza Nairobi kungechukua majuma. Nilikata kipande cha mpira wa rejeta ya basi, kikaingia sawasawa, nikakibana kwa klipu mbili. Mzee wangu alipita akakitazama. Alisema huo ni mpira wa maji, haukutengenezwa kwa hewa ya moto yenye mvuke wa oili. Utalainika kisha utateleza. Nilimjibu kwamba ni wa muda tu. Akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa mtu wa kukuambia mara moja.

Tulilijaribu kwenye mlima ule unaoanza Mamboleo kuelekea Kakamega, kwa sababu hakuna mlima mkali kuuzidi hapo karibu. Tulipakia magunia ya mchanga. Kaka yangu aliingiza gia ya tatu pale ambapo siku zote alishuka mpaka ya pili, akakanyaga, na turbo ikaanza kupiga mluzi, mwembamba, ukipanda kadiri tulivyopanda. Nyuma yetu moshi mweusi. Alicheka bila kutoa sauti, mabega yakitikisika. Kati ya siku zote nilizokuwa naye, hiyo ndiyo inayonijia kwanza.

Mpira ule wa muda ulikaa miezi mitano. Sikuagiza mwingine. Sina sababu ya kutoa. Nilisahau, na nilipokumbuka niliona mbona unafanya kazi.

Kisha kaka yangu aliugua. Ilianza kama malaria, ikaingia ini, macho yakageuka manjano. Alilazwa siku tisa akafa asubuhi moja mimi nikiwa nimekwenda kumtafutia maji ya moto. Nyar Gem alikuwa kando yake. Hakupiga kelele. Alimfunika miguu, ambayo ilikuwa imetoka nje ya blanketi.

Mwenye lori alitupatia lori limpeleke nyumbani dereva wake. Niliendesha mimi. Jeneza liliwekwa nyuma katikati, na wafiwa wakakaa pande zote mbili: Nyar Gem na watoto, wanaume wa ukoo wanaofanya kazi mjini, kina mama wa kanisa wakiimba, na dada ya baba yangu, ambaye kwa Kijaluo tunamwita waya. Waya alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha kuita mtu ng'ambo ya ghuba. Alimpenda kaka yangu kuliko alivyonipenda mimi, na sikumlaumu.

Tulikuwa tumepanda nusu ya kilima cha Maseno niliposikia kishindo, pa, kama mtu aliyepiga ubao kwa kiganja. Mluzi wa turbo ukakatika. Moshi mweusi ulijaa barabarani, lori likapungua nguvu, likatetemeka, injini ikazima kabla sijashusha gia. Nilivuta breki ya mkono. Nilijua palepale. Nilijua kabla sijashika mlango.

Lakini nyuma watu walisikia kishindo kingine. Waliketi magoti yao yakigusa jeneza, na kwao sauti ile ilitoka ndani yake. Nilipozunguka upande wa nyuma kuwaambia wasishuke, kuimba kulikuwa kumekoma na waya alikuwa amesimama.

"Amekataa," alisema. "Mnamsikia? Amekataa kwenda."

Msomaji asiye wa kwetu anapaswa kujua kwamba hili si jambo la ajabu. Gari lililobeba maiti likisimama njiani, watu hawamwiti fundi kwanza. Wanamuuliza marehemu ana neno gani. Wanambembeleza, wanamkumbusha watu wanaomngoja. Nimeona gari likisukumwa na watu ishirini likakataa, kisha likawaka baada ya mtoto mmoja kuomba. Sisemi kwamba ni uongo. Nasema tu nilichojua siku ile.

Waya hakuwa na shaka marehemu alikuwa na neno gani. Alimgeukia Nyar Gem. Alisema mtoto wa kaka yake anarudishwa kwenye ua wa baba yake kama kijana asiyeoa, hana boma, hana lango lake mwenyewe, na aliyemnyima ni nani? Wanaume walitazama chini. Alimwambia ashuke, apige magoti hapo barabarani, aseme na marehemu.

Nilisimama na spana mkononi. Boneti nilikuwa nimekwisha kuifungua, na mpira niliuona ukining'inia kwenye klipu moja, umelainika na kuteleza, unang'aa kwa oili. Kuurudisha ilikuwa kazi ya dakika chache. Kusema ilikuwa kazi ya dakika moja. Ningesema, "Waya, ni mpira." Ningelazimika kueleza mpira gani, nani aliuweka, na kwa nini lori lina nguvu ambayo mwenye lori haijui. Hiyo ni sababu moja, nayo ni ya mwoga. Iko nyingine ambayo naiona vibaya zaidi. Nilitaka iwe kweli. Kaka yangu alikuwa amenyamaza siku tatu, na hapa watu wote walikuwa wanasema kwamba amezungumza.

Nyar Gem alishuka. Alivua viatu akapiga magoti kwenye lami nyuma ya lori, kiganja kimoja juu ya ubao wa jeneza uliotokeza. Alisema nalo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza jikoni. Alisema ni kweli alimkatalia. Alisema aliogopa kuacha kazi, aliogopa kukaa kijijini akingoja mume wa barabarani, na kwamba alidhani muda upo. Akamwomba waende nyumbani, kwa sababu baba amekaa njiani tangu asubuhi.

Wakati anasema hayo, mimi nilikuwa chini ya boneti. Niliufuta mpira kwa kitambaa, nikaurudisha, nikazikaza klipu mpaka chuma kikauma. Aliponyanyuka nilikuwa nimekaa kwenye usukani. Nilipiga stata. Lori liliwaka mara ya kwanza, nikapanda kilima polepole, bila kukanyaga sana, na nyuma yangu kina mama wakaanza kuimba tena kwa nguvu kuliko mwanzo.

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilidhani nimenyamaza tu. Kumbe nilikuwa nimetoa ushahidi. Alikiri, na lori likaondoka. Wote waliona kwa macho yao.

Habari ilifika nyumbani kabla vumbi letu halijatulia. Tulimzika kaka yangu ndani ya ua wa baba, upande wa kushoto wa lango, na wakati wote wa mazishi hakuna mwanamke aliyekaa karibu na Nyar Gem isipokuwa binti yake. Siku ya tatu wakubwa wa ukoo walikutana mbele ya nyumba ya baba. Waya alikuwa na ombi moja. Watoto ni wetu, wabaki. Mama yao arudishwe Gem kwa watu wake, kwa kuwa marehemu mwenyewe alimkataa hadharani na hakukubali kuja mpaka alipoungama. Wawili watatu walitikisa kichwa kukubali. Baba alikuwa ameweka mkono juu ya fimbo yake.

Nikasimama. Niliwaeleza mpira, skrubu, waya wa pampu niliokata, maneno ya mzee wa gereji. Nilieleza kwamba kishindo kilitoka mbele, si nyuma. Nilisema nilijua tangu mwanzo.

Waya alinigeukia.

"Mke wa ndugu yako bado hajavua kitambaa cha msiba," alisema, "na wewe umeanza kumpikia maneno matamu. Kiti bado cha moto unataka kukikalia?"

Watu walicheka, na kicheko kile kiliniumiza kwa sababu kilikuwa na mantiki. Kwa desturi zetu ni mimi ambaye ningetarajiwa kumrithi mjane wa marehemu. Kila nililosema kumtetea lilionekana kuninufaisha mwenyewe. Nilikuwa na mke wangu, sikuwa na nia hiyo, lakini nia haionekani.

Kwa hiyo niliomba wapande lori.

Kutoka ufuoni kuja kwetu pana mwinuko mkali. Niliwapakia wanaume wote waliokuwepo na mawe ya kutosha kuwa uzito wa siku ile, na waya akakaa mbele, upande wa mlango, ameshika kilemba chake kwa mikono miwili kana kwamba tunakwenda kuruka. Baba alikaa kati yetu. Nililegeza klipu mbele ya macho yao, nikapanda kwa kasi. Katikati ya mwinuko, pa. Mluzi ukafa, moshi mweusi ukatufunika, lori likazima palepale. Nilishuka, nikaurudisha mpira, nikakaza, nikapiga stata, tukapanda mpaka juu.

"Nimeona," alisema waya. "Sasa niambie nani aliulegeza siku ile."

"Hakuna mtu, Waya. Ulikuwa mpira wa maji. Niliuweka mimi."

"Uliuweka miezi mitano nyuma. Amepanda nao kila siku na samaki. Nakuuliza siku ile, akiwa ndani ya sanduku, akipelekwa asikotaka. Kwa nini siku ile?"

Ningeweza kusema lori halikuwa likiendeshwa kwa wiki mbili na oili ilikuwa imekaa kwenye mpira ikaulainisha, na labda ni hivyo. Nilimwambia sijui, na hata leo sijui.

Baba ndiye aliyemaliza. Aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye maji ya ziwa, kama kwa maoni yangu kaka yangu hakusema neno lolote pale barabarani. Nikamjibu kwamba kwa nilichoona, hakusema.

"Basi Nyar Gem atakaa hapa na watoto wake," alisema. "Hakuna wa kumrudisha." Kisha akasema kwa sauti ya chini, si kwa ajili ya wengine, "Lakini mimi ningependa angesema."

Hapo niliona nilichomchukulia. Kwa siku tatu mzee yule alikuwa na mtoto aliyezungumza baada ya kufa, aliyetaka boma, aliyekuwa na kiburi cha kukataa. Mimi nikampa mpira uliolainika. Nilifanya lililo sawa, na sikuona mtu yeyote aliyefurahi.

Nilikwenda kumwambia Nyar Gem. Alikuwa ndani, ameketi sakafuni mgongo ukiegemea ukuta, na alikuwa amekwisha kusikia. Hakunishukuru. Aliniuliza swali moja.

"Ulijua ni mpira nilipoanza kuongea, au nilipomaliza?"

"Ulipoanza."

Alitikisa kichwa polepole. Nje watoto walikuwa wakigombania embe, na alisubiri waache.

"Yale niliyosema yalikuwa ya kweli," alisema. "Nilimkatalia, nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga nimwambie kaburini, sisi wawili, watu wakishatawanyika. Umenifanya nimwambie barabarani mbele ya waya. Na sasa kila mtu anajua kwamba hata yeye hakuwa akinisikiliza."

Nilikaa mlangoni. Baadaye alisema kuna jambo moja ambalo ningeweza kumfanyia: jioni ile, jua likiwa bado lipo, niwaondoe watu wote kando ya kaburi, na waya awe wa kwanza.

Kina mama niliwaomba tu, wakaelewa. Waya alikuwa kazi ngumu. Nilimwambia namhitaji anionyeshe mahali hasa kaka yangu alipotaka kujenga boma, maana ni yeye aliyemwambia. Hilo lilikuwa kweli. Tulitembea mpaka nje ya ua, kupitia mashamba ya mtama, yeye mbele akinionyesha kwa fimbo: hapa lango, hapa nyumba ya mke mkubwa, hapa zizi. Alieleza kwa muda mrefu, na sauti yake ilipungua, na mwishowe akakaa chini kwenye nyasi na kulia. Nilikaa kando yake nikiwa nimeyapa mgongo makaburi. Tulibaki pale mpaka Nyar Gem alipotoka langoni na ndoo kwenda kuchota maji. Alichomwambia kaka yangu pale kaburini sikukisikia.